Kisu Kisichokuwa cha Mbuzi

Mimi ni karani wa stoo. Nimefanya kazi hiyo Kakuma kwa miaka tisa, katika ghala la shirika moja linalogawa vitu kwa wakimbizi na kwa sisi wenyeji: mablanketi, sufuria, sabuni, maturubai. Kazi yenyewe haina siri. Kitu kikiingia nakihesabu, kikitoka karatasi inatoka nacho. Katoni iliyofungwa haifunguliwi mpaka kuwe na amri. Nimewafokea wanaume wazima kwa kubandua utepe bila ruhusa, na wengine hawanisalimii mpaka leo. Natangulia kusema haya ili anayesoma ajue nilikoutoa ujinga wangu. Sikuutoa mbali.

Mwaka juzi tulipelekwa semina ya siku mbili kuhusu majanga. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya feni iliyokuwa ikizungusha joto lile lile, na mwalimu akarudia "tahadhari kabla ya hatari" hadi mwenzangu wa upande wa kushoto akaanza kukoroma. Mimi sikulala. Napenda orodha, na ukutani palikuwa na orodha nzuri: tochi, redio ndogo, dawa, nakala za vitambulisho ndani ya plastiki, filimbi, kiberiti, kamba, kisu cha kukunja. Kila familia, alisema, iwe na mkoba mmoja ulio tayari, usioguswa, unaochukuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Nilinakili kila neno. Nilikuwa namfikiria mama.

Mama alikuwa anaishi Lodwar, kando ya laga ya Kawalase. Laga ni mto wa mchanga. Karibu mwaka mzima watu wanapita juu yake kwa miguu na kwa pikipiki, watoto wanachezea mpira humo humo, kisha siku moja mvua inanyesha milimani mbali, juu ya kichwa chako mbingu ni nyeupe kama kawaida, na maji yanakuja bila kubisha hodi. Kila mtu wa Lodwar anayajua haya. Tunajua na bado tunajenga, maana kando ya laga ndiko kuna kivuli, na ukichimba kidogo unapata maji ya kunywa.

Nilishamwomba ahamie kwangu Kakuma mara nyingi, naye akakataa kila mara kwa sababu moja, ile ile. Alikuwa na mbuzi kumi na tisa.

Lazima niwaeleze mbuzi hao, la sivyo hadithi hii itakuwa ya kisu tu. Baba alipofariki, mifugo mikubwa ilirudi kwa ndugu zake, na mama akabaki na mbuzi wa nyumba yake. Ukame ukawapunguza, akawaongeza tena. Karo yangu ya sekondari ilitoka humo, mmoja mmoja, na nawakumbuka baadhi yao kwa rangi. Kwa sababu ya mbuzi hao mama hakuwahi kuomba kitu kwa mtu. Nikimpelekea unga, narudi na maziwa. Nikimpelekea sukari, narudi na mafuta ya samli kwenye chupa ya soda. Mgeni akifika, salamu zetu za Kiturkana, ejok, hazijaisha, maziwa yako mbele yake, na hakuna aliyepimiwa. Wanawake wa rika lake waliokuwa wamepoteza mifugo walikuwa wanakaa kwa watoto wao mjini, na mama aliwataja kwa sauti ya chini, kama watu wanaougua. Alikuwa akiniambia, "Yule siku hizi anapewa." Hakukuwa na neno baya kuliko hilo.

Basi nikaamua kwamba kama hahami, atakuwa na mkoba. Vitu vingine nilivipata kwa siku moja. Kisu kilinichukua miezi miwili.

Nilianzia Kakuma, sokoni kambini, ambako unaweza kupata chochote ukijua duka. Mfanyabiashara mmoja alinionyesha kisu chenye kazi kumi na moja: mkasi, msumeno, kifungua chupa, hata kijiti cha kuchokolea meno. Nilijaribu ule msumeno kwenye kipande cha mti, ukapinda. Nikamwambia hapo mahali pa kukata hapajulikani. Akacheka, akanionyesha kingine, cheusi, kinachoruka chenyewe ukibonyeza kitufe. Hicho ni cha vijana wanaotafuta kesi. Nikachukua cha tatu, cha chuma kitupu, chembamba, kwa sababu kilikuwa rahisi na nilikuwa nimechoka. Kesho yake nikakisahau kwenye mkoba wangu wa kazini. Askari wa getini, ambaye tunasalimiana kila asubuhi kwa jina la mtoto wangu, alikitoa kwa vidole viwili na kunitazama kama mtu asiyenijua. Silaha haziingii. Nikamwambia nilikuwa nakipeleka kwa mama. Akasema hata yeye ana mama. Kisu kikabaki kwake na mimi nikatia sahihi, na nakiri kwamba moyoni nilimsifu, kwa sababu mimi pia ningefanya hivyo.

Nilipopata likizo fupi nikashuka Lodwar na vigezo vyangu vimeandikwa kwenye karatasi. Ubapa usizidi urefu wa kidole changu cha kati. Kiwe na kishikizo, ili kisijikunje na kumkata mwenyewe. Kifunguke kwa mkono mmoja, kwa kuwa siku ya balaa mkono wa pili unakuwa umeshika kitu. Mpini uwe wa rangi kali ya kuonekana kwenye tope. Na kiwe cha bei ndogo, maana kitu cha kukaa mfukoni tu hakistahili pesa nyingi. Nilifikiri hivyo kweli.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kisomali aliyezaliwa hapo hapo Lodwar na anayezungumza Kiturkana vizuri kunishinda. Alitandaza visu vitano juu ya kioo bila haraka. Kimoja kilikuwa na mpini wa mbao, kizuri hata nikatamani kukinunua kwa uzuri, lakini hakikuwa na kishikizo, na mbao zikilowa huvimba. Kingine kililegea kwenye msumari wake, ukikitikisa kinalia. Cha tatu kiliteleza kwa jasho la mkono wangu, na jasho ndilo hali yetu ya kila siku. Cha nne kilikuwa kigumu, nilikifungua kwa ukucha na ukucha ukavunjika. Cha tano kilikuwa na mpini mnene wa plastiki ya rangi ya chungwa, ubapa mpana wenye tundu la kusukumia kwa kidole gumba. Kilifunguka na kulia mara moja, kwa sauti ndogo, kikakaa. Nikakibonyeza kwa mgongo wa ubapa juu ya kioo, hakikujikunja. Nikaomba kipande cha kamba ya nailoni. Mzee akaushika upande mmoja, mimi mwingine, nikapitisha kisu mara moja na kamba ikawa mbili.

Akaniuliza ni cha nani. Nikasema ni cha mama.

"Mama ako na mbuzi?"

Nikasema anao.

"Basi hii ataipenda. Kamba itakata, ngozi itachuna, kwato itapunguza."

Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya stoo kwamba si cha kazi hizo, ni cha mkoba wa dharura. Akakifunga kwenye pakiti yake. Sikupunguziwa bei na sikuomba.

Mchana huo huo nikampelekea. Na hapa nataka kusema ukweli hata kama unaniumiza: nilifanya mambo vizuri. Sikumletea tu kitu na kuondoka. Nilikiweka mkononi mwake, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, nikataka kuona kama ataweza. Akakifungua kwa kidole gumba mara ya kwanza. Akakifunga, akakifungua tena. Akacheka. Alisema baba alikivaa chake mkononi kama bangili, kikiwa kimefunikwa kwa ngozi, na hakuwahi kuona kisu kinacholala ndani ya mpini wake. Akakipitisha kwenye ukingo wa ngozi aliyokuwa ameikalia, ngozi ikaachia. Kisha akainuka kuelekea kwenye mbuzi mmoja aliyekuwa na kamba iliyochakaa shingoni. Alitaka kuikata aifunge mpya. Alikuwa na furaha, sura yake yote ilikuwa imefunguka.

Nikakichukua mkononi mwake.

"Hiki si cha mbuzi, mama," nikamwambia. "Ni cha dharura."

Nikakipangusa, nikakirudisha kwenye pakiti, nikaizungushia utepe kama nilivyovifunga vile vingine mkobani. Nikamweleza. Siku maji yakija, au moto ukiwaka, au mtu akiumia vibaya, mkoba huu unauchukua kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, unapanda nao barabarani. Vilivyomo ndani visiguswe kwa kazi za kila siku, kwa sababu siku ya siku havitakuwepo. Alisikiliza vizuri. Aliniomba nirudie orodha, akaishika kwa kichwa, kwa mpangilio wangu, kama alivyoshika rangi za mbuzi wake. Akautundika mkoba kwenye nguzo ya katikati ya nyumba.

Kila nilipokuja nilikagua. Siku moja nikakuta utepe wa kiberiti umebanduliwa na njiti kadhaa hazipo. Mvua ilikuwa imelowesha kuni za jirani, akamsaidia. Nilimsema. Nilimsema kwa maneno yale yale ninayowaambia wapagazi: kitu kimoja kikitoka bila amri, vyote vimetoka. Mama akaniomba msamaha. Mama yangu mzazi, aliyenizaa na kunisomesha, aliniomba msamaha kwa ajili ya njiti za kiberiti, nami nikaupokea.

Mkoba haukuguswa tena.

Yale maji yalikuja mwaka uliopita, alasiri, jua likiwaka. Siku hiyo daktari wa mifugo alikuwa amepanga kupita kuchanja, na watu walikuwa wameambiwa wasipeleke mbuzi malishoni. Mbuzi hawajazoea kukaa nyumbani mchana, wanatawanyika, kwa hiyo mama aliwafunga wote kwa shingo kwenye kamba moja ndefu ya nailoni, iliyonyoshwa kati ya miti miwili, chini kidogo karibu na mchanga ambako kuna kivuli. Alikaza mafundo. Daktari alichelewa.

Mimi nilikuwa Kakuma, nikipanga mablanketi. Saa kumi jirani wa mama akanipigia simu, akasema maji yamepita kwao na mama yuko hai. Alisema hivyo kwanza, kwa wema, kabla ya mengine. Nikauliza kama alichukua mkoba. Hilo ndilo lililokuwa swali langu la kwanza. Jirani akasema ndiyo, anao mgongoni.

Asubuhi nikapanda gari la kwanza. Tulisimama kwenye laga moja njiani mpaka maji yashuke, dereva akitafuna na kutema, sisi abiria tukitazama miti inavyopita na mizizi yake. Nilikuwa nimeshukuru Mungu njia nzima. Nilikuwa hata na fahari kidogo. Nilifikiria nitakavyomsimulia mwalimu wa ile semina.

Nikamkuta kwenye uwanja wa shule, pamoja na wengine waliopoteza nyumba. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa mbele, na mkoba mapajani. Nilipopiga magoti kumsalimia, aliusukuma kwangu.

"Hesabu," akasema. "Vyote vimo."

Nikaufungua, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Vilikuwa vikavu. Tochi, redio, filimbi, nakala za vitambulisho, kila kitu na utepe wake. Kisu kilikuwa kwenye pakiti, cha rangi ya chungwa, safi kama siku niliyokinunua. Nikamuuliza mbuzi wako wapi.

Alinieleza polepole. Sauti ya maji aliisikia kabla ya kuyaona. Aliingia ndani akachukua mkoba kwanza, kama nilivyosema, akauvaa mgongoni. Alipotoka maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Akashuka kwa mbuzi. Nailoni ikilowa na mnyama akiivuta, fundo linakuwa jiwe. Vidole vyake havikuweza. Akajaribu kwa meno, lakini mama ni wa kizazi kilichong'olewa meno mawili ya mbele ya chini tangu utotoni, ndivyo ilivyokuwa desturi, na pengo halishiki kamba. Alifungua wanne. Alitaka kurudi ndani achukue kisu cha jikoni, lakini maji yalikuwa yameshaingia na ukuta wa upande wa laga umelala. Maji yakamfika mapajani. Vijana wawili wakaja wakamshika mikono, wakamvuta juu. Alipigana nao. Kutoka barabarani aliwaona wote kumi na watano, wameinua pua, kamba imewashika kwenye mstari kama alivyowapanga, hadi pua zikaacha kuonekana.

Nilikuwa nimeshika kisu mkononi. Nikamuuliza, na laiti nisingeuliza, kwa nini hakukitoa.

Alinitazama bila hasira. Kama angenitukana ningepata mahali pa kujificha.

"Ulisema si cha mbuzi," akasema.

Nikamwambia sikumaanisha hivyo. Akasema alikikumbuka. Mkono wake ulikwenda kwenye zipu, akaugusa utepe, akafikiri labda kuna kitu kibaya zaidi kinachokuja nyuma ya maji, kitu ambacho mimi niliyesoma nakijua na yeye hakijui, na akikitumia kisu sasa nitakuja nikute hakipo. Alifikiria muda mfupi tu. Muda wenyewe ndio ulikuwa wa mbuzi watatu au wanne. Halafu wale vijana wakafika.

Tulishuka lagani pamoja baada ya maji kupungua. Kamba ilikuwa imenasa kwenye mizizi hatua chache chini ya miti ile, na mbuzi wengi walikuwa bado wamefungwa, wamejaa mchanga machoni na masikioni. Nyama haikufaa tena, lakini ngozi zinaweza kuokolewa ukiwahi. Mama akaninyoshea mkono.

"Sasa nikifungue?"

Nikabandua utepe mwenyewe, nikampa. Akakifungua kwa kidole gumba, kwa mkono mmoja, kama siku ile. Akapitisha ubapa chini ya kamba kwenye shingo ya mbuzi wa kwanza, kamba ikakatika kwa mara moja. Akaenda kwa wa pili. Mara moja. Wa tatu. Kilikuwa kisu kizuri sana. Hakikuteleza na tope, hakikujikunja, hakikupoteza makali hadi ngozi ya mwisho, na rangi yake ilionekana vizuri kila alipokiweka chini. Nilikuwa nimekichagua vizuri kwa kila kigezo nilichoandika. Nilikaa kwenye mchanga uliolowa nikalia kwa sauti, watu wakinitazama, na mama akaendelea kuchuna kwa sababu jua lilikuwa linapanda.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yangu hayakunipa hata nafasi ya kuzeeka.

Nyumba ilikuwa imekwenda, na hapakuwa na sababu tena ya kubaki Lodwar. Wale wanne waliookoka tuliwaacha kwa mjomba, na kiangazi kilichofuata kikawamaliza. Zamani ndugu wangechanga, huyu jike, yule beberu, na mwaka wa pili mama angekuwa na zizi tena. Lakini ndugu nao walikuwa wamechoshwa na ukame miaka mfululizo, na mtu hawezi kutoa asichonacho. Nikamleta Kakuma, kwenye vyumba vyangu viwili vya mabati.

Hakuwahi kunilaumu. Nimengoja lawama hiyo kama mtu anayengoja barua. Mara moja nilijaribu kuanza mimi, tukiwa tunachambua maharagwe, nikasema kosa lilikuwa langu. Akaniambia maji hayana kosa la mtu, akaokota jiwe kwenye maharagwe akalitupa. Basi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikuwa na jembe la kumpa. Uani kwangu hakuna kitu cha kuchunga ila kuku wa jirani. Alifagia kabla sijaamka. Alifua hata nguo ambazo hazikuwa chafu. Niliponunua mbuzi wawili nikidhani namrudishia kitu, aliwapokea, akawapeleka malishoni nyuma ya mji, akarudi nao jioni, na akaja mlangoni kuniambia, "Wako wamerudi wote wawili." Nilimwambia si wangu, ni wake, nimemnunulia. Akaitikia kwa adabu. Kesho yake jioni akaja tena mlangoni na taarifa ile ile. Anaileta mpaka leo. Maziwa akikamua ananipa yote, nami nampimia, kwa sababu nisipompimia hanywi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba nafua. Nikasikia mtu anabisha mbele, sauti ya mwanamke, na ejok za kupokezana zikaanza, ndefu, za watu wazima. Alikuwa mama mmoja aliyehamia mtaani kwetu kutoka Lokichoggio, wa rika la mama, naye amefiwa na mume. Nikafurahi. Nilikuwa sijamsikia mama akicheka kwa miezi. Nikasikia kiti kinavutwa kwa ajili ya mgeni, nikangoja nisikie vikombe. Havikulia. Mgeni alikuwa ameshakaa na maongezi yalikuwa yameanza kupungua, na mbele yake, najua, hapakuwa na kitu.

Kisha mama akaja uani. Alikuwa ameshika sufuria ya chai niliyoipika asubuhi, imejaa, inatosha watu sita. Alizungumza kwa sauti ya chini ili mgeni asisikie.

"Kuna mtu. Naweza kumpa chai yako?"

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni chai ya hapa nyumbani. Mpe."

"Ndiyo," akasema. "Nimpe kiasi gani?"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya povu. Akabaki amesimama pale na sufuria yake, akingoja nimwambie.